Maji ya Udhu

Uani mwa nyumba ya mama, Langoni,
palikuwa na mawaridi kumi na mawili
yaliyokunywa kama wageni wa arusi:
asubuhi ndoo, alasiri ndoo, na bado yakinuna.

Mimi ni mkunga wa zamu ya usiku.
Narudi alfajiri miguu imevimba kama mahamri,
sina mkono wa kubembeleza ua.
Nikayaacha. Yakafa moja moja,
nikayalilia kidogo, kisha nikachukua jembe.

Nilianza na mtungi wa mama,
wenye ufa mwembamba kama unywele,
uliokaa darini miaka kwa kuonewa haya kutupwa.
Nikauzika hadi shingo kati ya mibiringanya,
nikaujaza, nikaufunika kigae.
Kumbe kasoro yake ndiyo kazi yake:
hutoa jasho polepole, na mizizi huukumbatia.

Kisha mfereji, upana wa kiganja,
kutoka birikani hadi mguuni mwa mkomamanga.
Mara tano kwa siku
kinachodondoka viwikoni na visiginoni
hushuka chenyewe: kimetimiza faradhi moja,
kinakwenda kutimiza nyingine.

Samadi? Punda wa Lamu hawana ubahili.
Makumbi ya nazi nikayatandaza tabaka juu ya tabaka,
udongo ukapata buibui,
jua likakosa pa kuuchungulia.
Mrehani ulijipanda wenyewe. Sikuulizwa.

Bi Mwanamtama alitokeza kichwa wikioni,
kwenye mlango tusioufunga tangu enzi za mama zetu:
"Hiyo ni bustani au jaa?
Mche hulelewa, mwanangu, hauachiwi Mungu."
Nikacheka: "Anatosha."

Shaabani dada yangu akaugua, Siyu.
Nikatia kufuli mlango wa mbele, siku arubaini.
Botini nikapiga hesabu: mtungi utashika wiki.
Baada ya hapo, mfereji.
Lakini mfereji utakunywa udhu wa nani?

Niliporudi nilisukuma mlango
kama anayeinua shuka la mgonjwa.

Kijani.
Mabiringanya yananing'inia, meusi, yanameta.
Komamanga limepasuka kwa kicheko.
Mtungi umejaa pomoni.
Na kando ya birika, juu ya jiwe,
unyayo wa maji ambao haujakauka,
na msuaki usio wangu.

Nikamwita. Alijibu bila kutoa uso:
"Bomba langu limeharibika. Nilikuwa nikija kutawadha."
Nyuma ya sauti yake
nilisikia bomba lake likimwagika ndooni.

Sikusema kitu. Nilichuma mabiringanya sita,
nikayaacha wikioni, chini ya kawa.

Jioni kawa ilirudi, imepanguswa,
na chini yake kijiti cha mwaridi
kimeviringwa kitambaa chenye unyevu.

"Wa mama yako," alisema ukutani.
"Nilimwomba tawi mwaka ule wa mafuriko.
Ni huo mmoja tu. Usiudekeze."