Kipande cha Kanga

Shangazi Kabula hatunzi daftari.
Ana ghala la mabati pale Mwaloni, Kirumba,
na dagaa wa watu mia na ushee
wamepangwa hadi kwenye paa.

Nilikuja na kompyuta yangu, nimejaa ujuzi.
"Ni rahisi, Shangazi. Kila jina ni ufunguo,
kila ufunguo una thamani yake."
Akasema thamani anaijua. Akaendelea kupepeta.

Nikaandika:
gunia["Minza"] = 6
Saa nne ikafika boti ya Ukerewe, akashuka mwingine:
gunia["Minza"] = 2
Kengele haikulia. Mashine haikukohoa.
Sita yakamezwa na mawili, kimya,
kama sangara anavyomeza furu.

Jioni Minza wa Kome akaja na mkokoteni.
Skrini ikasema: mawili.
Aliniangalia mimi. Skrini hakuiangalia.

Shangazi akafungua kopo la biskuti.
Kumbe kila mzigo ukiingia huchana kanga:
nusu shingoni mwa gunia, nusu kwa mwenyewe.
Kanga zaweza kuwa za doti moja,
rangi moja, korosho zile zile,
mchaniko haufanani.
Akalinganisha uzi kwa uzi.
Yakatoka sita.

Usiku, chumbani kwangu Mabatini, nikafuta yote.
new Map()
Ufunguo sasa si herufi tano,
ni Minza mwenyewe, mzima mzima,
na Minza wa pili kando yake:
hata wangefanana jina, umri, na idadi ya watoto,
mashine inajua huyu siye yule.
Nikacheka peke yangu.

Umeme ukakatika. Betri yangu ni jina tu.

Uliporudi hapakuwa na Minza hata mmoja.
Na ukitaka wasipotee
sharti uwageuze maandishi kwanza,
na kwenye maandishi
Minza anarudi kuwa herufi tano.

Kwenye kopo kuna kipande cha bluu
hakijadaiwa tangu masika.
Nikamweleza Shangazi: ipo Map nyingine,
ufunguo ukitoweka, mzigo wake unafagiwa,
huhitaji hata kuamuru.

"Nani kakwambia katoweka?"

Akalifungua gunia lenye utepe wa bluu,
akawamwaga dagaa juani,
akawageuza kwa kiganja, taratibu,
wasiote ukungu.