Neno la Tisa

Kibanda changu kiko Uyole, pale barabara ya Tukuyu
inapoachana na ile ya Dar es Salaam,
kati ya fundi viatu na ghala la viazi.
Mwezi wa saba ukungu hushuka bila kupiga hodi,
nami nahesabu hela za watu
kwa glavu nilizozikata vidole.

Wilondja huja Jumamosi, vumbi la magunia masikioni.
Hupakia lumbesa kwenye malori, hulipwa kwa gunia,
na gunia, mnajua, huvikwa kilemba
ambacho mbebaji halipwi.
Zamani alituma kwa mkono:
dereva hadi Kigoma, binamu hadi boti,
boti hadi mtu mwenye bunduki.
Kila mkono ulimega.
Mama yake alipokea makombo na salamu.

Kisha kijana wa chuo akamwonyesha njia.
Shilingi hupita kwangu, huenda kwa muuzaji asiyemjua,
hurudi dola zisizo na karatasi,
huvuka ziwa kabla uji haujapoa.
Kule Baraka, mji wenye jina la dua,
muuza sabuni huzipokea, hutoa falanga.

"Na mlinzi wa hizo hela ni nani?"
"Maneno kumi na mawili, Mama Subilaga.
Ukiyajua, benki ni wewe."
Nilicheka mpaka fundi viatu akachungulia.
Benki bila geti, bila askari wa kusinzia!

Mama mtu hajui kusoma.
Aliyakariri kwenye simu, maneno ya Kifaransa yasiyo na undugu,
kila moja akalikabidhi kidole,
mawili yaliyobaki akayapa masikio.

Mwezi wa tano walikimbia.
Kwenye kizuizi walimpekua hadi kwenye nywele:
wakachukua simu, wakachukua chumvi,
wakamvua pete, kwa mate, kwa kuvuta.
Hela hawakuziona.
Lakini alipofika kwa mkwewe, nyuma ya mlima,
akaazima simu, akaanza kuhesabu vidole,
kile cha pete kilikuwa kimya.

Neno la tisa.

Hela zipo. Wilondja alinionyesha kwenye kioo:
dola mia nne na kumi na mbili,
dunia nzima inaweza kuziona,
hakuna wa kuzigusa.
Orodha ya maneno yote ina elfu mbili na arobaini na nane.
Akaja kila jioni, kwa sababu kwangu kuna umeme,
akajaribu moja, akajaribu jingine,
akiyasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili,
yale kumi na moja kwanza, kisha la kubahatisha.
Hapana. Hapana. Hapana.

Mimi nilikuwa nafunga hesabu zangu.
Sikio halina kifuniko.
Wiki ya pili nilijikuta nayasema
nikifua, nikikoroga uji,
na ada ya Subilaga ilikuwa haijalipwa,
laki tatu na nusu, barua ya pili kutoka shuleni.
Sisemi niliwaza. Nasema nilikuwa nayajua.

Usiku wa Alhamisi alinyamaza katikati ya mstari.
Akaweka simu mezani taratibu, kama yai.
Neno lenyewe sitalitaja. Nimelisahau.
(Sijalisahau.)

Jumamosi hakutuma kitu.
Alileta ndoo ya viazi, akasimama nje ya dirisha
akiangalia viatu vyake.
"Nimezihamisha zote. Maneno mapya.
Mama Subilaga, usinichukie."
"Ungechelewa," nikamwambia, "ningekuona mjinga."
Nikapokea ndoo. Uso ulinipata moto
na ile baridi yote.

Sasa namenya viazi vyake,
na yale ya zamani bado yananijia, kumi na mawili kamili,
nayataja moja moja kwenye maganda:
funguo za nyumba
iliyokwisha kuhamwa.