Ridabo

Kila muhula ripoti yangu ilirudi Kilembe na neno lile lile,
wino mwekundu, mwandiko wa kulala:
ridabo. Ndivyo baba alivyolisoma,
kidole chini yake kama anayembana siafu.
"Ndiyo nini?"
Nikasema: kuongeza maradufu.
"Maradufu ya nini?"
Ya juhudi.
Akacheka kicheko cha watu waliowahi kushuka shimoni:
"Sifuri mara mbili, Ithungu. Hata darasa la pili wanaijua."

Kiswahili chake alikiokota mgodini,
walikokutana Mkonzo, Mkiga, Mlugbara,
kila mtu akaacha lugha ya kwao getini.
Kwake neno lilikuwa moja: kaza.
Kaza nati. Kaza mkanda. Kaza mwendo, zamu inaingia.
Kaza uso mshahara ukichelewa.
Lakini alinifundisha pia, spana mkononi,
kusikia pale chuma kinapoanza kulia:
"Hapo acha. Ukiongeza robo tu utaua nyuzi,
na nati iliyokufa nyuzi haiulizwi kitu. Inatupwa."

Mama hakuwa na neno.
Alikuwa na nyundo, na mawe ambayo Nyamwamba iliyaacha
palipokuwa na mihogo yetu.
Debe la kwanza la kokoto, karo.
La pili, chumvi, sabuni, mafuta ya taa.
La tatu sikuwahi kujua ni la nini;
alilivunja gizani, kwa kupapasa.
Hakuna aliyemwandikia ripoti.

Sasa kalamu nyekundu ninayo mimi.
Kasese, Ijumaa, ripoti sabini na tatu,
joto limekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga.
Mkono umeshazoea: ridabo, ridabo, ridabo,
hauniulizi tena.
Mpaka Muhindo. Hesabu, thelathini na moja.
Muhindo anayefika na vumbi jeupe kwenye kope,
anayeandika kwa mkono wa kushoto wiki hii
kwa sababu gumba la kulia limepondwa.

Kalamu ikasimama.
Waingereza wamelipachika neno lao kiambishi cha kurudia:
aliyekwisha kuongeza, aongeze tena.
Hawakusema ni nani aliyemhesabia ile mara ya kwanza.

Nikasikia chuma kikilia.
Nikaandika, kwa Kiswahili, kwenye nafasi ndogo ya maoni:
"Anajitahidi kunishinda mimi. Kitabu cha hesabu kipo kwangu,
na taa ipo. Aje Jumamosi, kidonda kikiwa kimefungwa."

Kisha sikuendelea na zilizobaki.
Nikazirudia zile nilizokwisha kuziandika, moja moja,
nikizipitishia kidole,
nikitafuta vumbi.