Injini Isiyojua Kumekucha

Utepe mweusi ulibanduka Jumanne, mzunguko wa Kondele.
Chini yake taa ya manjano ilikuwa inawaka,
picha ndogo ya injini, kama kobe aliyebinuka.
Miaka yote nilidhani utepe unaziba ufa.

Kwamba gari linakunywa nilijua. Nililirithi likinywa.
Lakini petroli ilipopanda, tangi la wiki
likawa linakata roho Alhamisi,
nikaanza kushtaki watu:
kituo cha Mamboleo, kwa kuchanganya mafuta ya taa;
magurudumu, kwa upepo haba;
Roselida, kwa mguu mzito
(akanyamaza, na hiyo ikawa kesi nyingine).
Nikanunua plagi nne. Nikabadili filta ya hewa;
ile kuukuu ilitoa vumbi jekundu na bawa moja la kumbikumbi.
Gari likanywa vilevile, kama mgeni wa matanga.

Kageha ana karakana nyuma ya soko la Kibuye,
mabati matatu na shimo moja la kushukia.
Hakugusa boneti. Alichomeka kisomeo chini ya usukani,
akangoja, akichokonoa oili kwenye kucha kwa njiti,
kisha akasoma kama anayeita majina darasani:
P, sufuri, moja, mbili, nane.

"Injini yako inasikia baridi."

Nilicheka. Kisumu, Februari, saa nane mchana,
mbwa wamehamia chini ya malori.
Akanionyesha mshale wa joto, umelala chini kabisa.
Nami niliusifu kwa kulala: gari halichemki, Mungu ni mwema.
"Ndio ugonjwa wenyewe. Thamostati haipo.
Maji yanazunguka nyumba isiyo na mlango,
injini haipati kupasha, kompyuta inadhani ni alfajiri,
inamwaga petroli ya kuamshia.
Kutoka hapa hadi Siaya inamwamsha mtu
aliyekwisha kuamka.
Nani aliitoa?"

Gari lilikuwa la baba, afisa wa mizani na vipimo,
aliyezunguka masokoni akikagua gorogoro za wauza omena
na pampu za petroli kwa ndoo yake ya shaba.
Hakuamini lita ambayo hakuiandika.
Kwenye droo ya dashibodi, chini ya bima zilizokufa,
daftari la mistari, wino wa buluu:
kumi na nne kwa lita. Kumi na tatu na nusu. Kumi na nne.
Halafu tarehe tisa Machi, mwandiko umepinda:
*Ahero. Maji yamechemka. Fundi wa njiani ametoa thamostati.
Sh. 200. Mama Pamba amefika Russia saa nne usiku.*

Pamba ni mimi. Nilikuwa kidato cha pili, bwenini.
Hakuna aliyeniambia.
Mama alitoka hospitali, akauza nyanya miaka sita zaidi.
Chini ya Machi: tisa. Tisa. Nane na nusu.
Kurasa kumi na moja za hasara, bila neno,
za mtu aliyefunga vibanda vya watu kwa gramu ishirini.

Kageha alifuata tarakimu kwa kidole cheusi,
akaacha alama juu ya Ahero.
"Na utepe? Afisa wa vipimo anafunikaje kipimo?"
Daftari halikusema.

Thamostati mpya inaenea kiganjani,
kifuniko kidogo cha shaba chenye springi.
Tulipanda mlima wa Kisian, madirisha wazi.
Mshale ukainuka, ukainuka, ukafika katikati;
mguu wangu ukatafuta breki.
"Acha," alisema. "Hapo ndipo kwake."

Akafuta msimbo. Siku ya tisa taa ikarudi, na namba nyingine:
sensa ya ekzosi, imezibwa na masizi ya miaka.
Hiyo ni ya mwezi ujao. Utepe sijaurudisha.

Nikachukua kalamu. Chini ya wino wa buluu,
kwa mwandiko usiofanana na wake, nikaandika: kumi na mbili.
Kisha, kwa kuwa daftari ni lake,
nikapima tena.