Barabara ya Kumi na Nne

Mama yake Mwanasiti hajui tenisi.
Anajua namba.
Ngamiani barabara zina namba,
na yao ni ya kumi na nne,
mlango wa kijani, cherehani mbili barazani.
Siku ya kwanza nilipomsomea kwenye simu,
"Mwanao leo ni wa elfu moja mia mbili na tisa duniani,"
aliondoa mguu kwenye kanyagio, akafikiri.
"Mbali huko," akasema. "Hata Pongwe keshaipita."

Mimi ndiye niliyemshikisha raketi,
na hili nitalisema mpaka nizikwe nalo:
nilimshinda mara arobaini na moja.
Uwanja ulikuwa wa mabwana wa mkonge, kule Raskazone,
udongo mwekundu wenye nyufa,
wavu tulioushona kwa katani mpaka vidole vikachubuka.
Mistari tuliichora kwa chokaa ya Amboni
iliyomwagika toka kopo la maziwa lililotobolewa chini.
Mipira mitatu. Mmoja una upara.
Alikuja na miaka tisa kuokota mipira kwa shilingi mia,
akachoka kuileta mkononi,
akaanza kuirudisha kwa kuipiga.

Mara ya arobaini na mbili nilisema jua limenichoma machoni.
Mawingu yalikuwa yametanda toka alfajiri.

Mia tisa themanini. "Anakuja," mama akasema.
Mia saba na sita.
Alikuwa akilala viwanja vya ndege, kichwa juu ya begi,
akifua soksi kwenye beseni za hoteli
alizogawana na msichana wasiyeelewana lugha
ila kwa vidole: seti ngapi, nani kakutoa.
Alishinda mechi mbili, malipo hayakufika nusu ya nauli.
Barazani ikabaki cherehani moja.
Ya pili iligeuka nyuzi za raketi,
na nyuzi, kama ujuavyo, hukatika.

Mia nne kumi na mbili.
Kisha bega.

Mia sita. Mia nane. Elfu moja na thelathini.
"Amepotea njia?" mama akaniuliza, sindano mdomoni.
Nikamwambia anaumwa bega.
"Kwani bega ndilo linalotembea?"

Alirudi na mkono kwenye tanji.
Miezi saba. Bombo asubuhi, jioni uwanjani kwangu,
akipiga ukuta kwa mkono wa kushoto kama mtoto,
akiukosa, akitukana kwa Kibondei
matusi ambayo sikujua anayajua.
Ulipofunguliwa mkono wa kulia tulicheza.
Tukafika arobaini kwa arobaini.

Kwetu arobaini ni mwisho wa jambo.
Mzazi hutoka ndani, mwizi hukamatwa,
wafiwa hupika, hula, huenda zao.
Kwake arobaini ni pale ambapo hakuna kilichokwisha:
unapata, unanyang'anywa, mnarudi palepale,
na palepale pengine ndipo unapoishi.
Tulirudi palepale mara kumi na moja.
Mpira wake wa mwisho ulidondoka mstarini, chokaa ikaruka
nikaiona kwa macho yangu haya,
nikasema umetoka.
Hakubisha. Alinitazama tu,
akaenda kuokota mpira mwenyewe.
Kesho yake alikata tiketi.

Ushindi ule siuhesabu. Nimebaki na arobaini na moja.

Jana usiku simu iliita kwa ujumbe:
mia tatu themanini na nane.
Nilikwenda asubuhi, kopo la chokaa bado mkononi,
nikamkuta mama anatia uzi kwenye tundu la sindano.
"Bado barabara ngapi afike?"
Nikapiga hesabu. Mia tatu sabini na nne.
Alivuta uzi, akaukata kwa meno.
Nikaanza kumweleza habari ya wa kwanza,
jinsi wanavyompigia makofi, magari, vikombe.
Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Vizuri," akasema.
"Ila mwambie, akifika ya kumi na nne,
asipitilize."