Ndoano Mbili

Mwalimu Kalunde aliileta imeviringwa katika gazeti,
nakala ya ramani ya kale, sentimita sitini kwa arobaini.
"Ni ya Darasa la Sita," alisema. "Kioo kisiwe na mawimbi."
Nikaikunjua mezani, nikaizuia pembe kwa nyundo, kwa gundi,
kwa kikopo cha asali ambacho sijakilipia.

Dunia ile ilikuwa chapati iliyoungua ukingoni.
Miji ya mbali imebanana, jina juu ya jina.
Huku kwetu kweupe.
Kweupe, na tembo mmoja
mkonga juu, kama aliyeulizwa njia.

Karibu naye, vilima vitatu na maziwa mawili ya duara.
Herufi nilizitambua, chuoni sikutoroka siku zote:
kafu, mimu, ree.
Kamari.
Mwezi.
Nikaweka patasi chini.

Nani alimnong'oneza mchoraji?
Tabora hakufika. Alisikia kwa nahodha,
nahodha kwa mchuuzi, mchuuzi kwa mtu aliyetoka bara na kiu,
na kila mdomo ulikausha mto, ukainua mlima.
Huenda mtu yule alisema tu, "Mimi ni wa Mwezi,"
wao wakatazama angani.

Babu yake baba, Mihayo, hakujua karatasi.
Ramani yake ilikuwa begani: kovu,
refu kama kidole cha kati,
pale jino la tembo lilipokaa hadi pwani.
Kigwa, Rubuga, Tura, Mgunda Mkali.
Aliyataja akiwa kitandani, hawezi tena kusimama,
na kwa kila jina mguu ulisogea chini ya blanketi.
Hapa pana maji.
Hapa usilale.
Hapa tulimwacha Lugusha.

Tembo wa mchoraji ana meno yote mawili.

Jioni Mwalimu akaja. Nikamuuliza, juu ni wapi?
Maana kusini kumekaa kileleni, Misri iko chini yetu,
na nikiigeuza ifanane na ramani za shule
tembo ataning'inia miguu hewani.
Akaitazama kwa muda, chaki bado kwenye kucha.
"Tia ndoano pande zote mbili.
Wiki hii asimame.
Wiki ijayo watoto wapindishe shingo."

Nikatia.
Ya pili sikumdai.