Funguo Mbili

Alisema, "Lesia, hii piano ni yako,"
siku ya Pasaka, makombo ya mkate yakiwa bado kidevuni,
mbele ya watu saba na paka.
Lesia akasema ahsante.
Kisha wakaosha vyombo.

Mimi ni karani wa mahakama, hapa Dauphin, Manitoba.
Kazi yangu kuandika yasemwayo, si kuyapima.
Lakini kesi hii nimeichapa siku mbili
na vidole vimeanza kuwa na maoni.

Bibi Paraska Bodnarchuk alikufa Februari,
barabara ikiwa imezikwa kabla yake.
Wosia wake unasema: vyote vilivyomo nyumbani
ni vya Orest, mpwa wangu.
Na piano ilikuwamo nyumbani.

Wakili akasimama, akakohoa kidogo:
nia ilikuwepo, hatubishi; kukubali kulikuwepo;
lakini mheshimiwa, makabidhiano yako wapi?
Neno halihamishi mali.
Neno ni pumzi, na piano ina kilo mia mbili na themanini.

Nikakitazama kitenzi chenyewe kwenye karatasi.
Kutoa ni kumpa mtu.
Kutoa ni hesabu pia, ya darasa la pili: saba toa tatu.
Jaji anaitaka hiyo hesabu.
Anataka sebule iliyopungua,
vishimo vinne vya miguu kwenye zulia,
ukuta wenye rangi mpya pale jua lisipofika.

"Kwa nini hukuihamisha?"
Lesia anapanga chumba juu ya duka la mikate.
Ngazi ni nyembamba, alisema. Halafu yakaja mavuno.
Halafu theluji.
Akanyamaza, nami nikaandika: *shahidi ananyamaza.*
"Halafu," akasema, "usiku alikuwa bado anaipiga.
Ningempokonya vipi?"

Akatoa mkobani ufunguo wa shaba,
mdogo kama jino la mtoto, umefungwa uzi mwekundu.
Wa kifuniko cha piano. Alinipa siku ileile.
Jaji akainama mbele.
Maana kisichobebeka huweza kukabidhiwa kwa ufunguo wake;
sheria nayo ina huruma,
ila huipitisha kwenye matundu madogo.

Wakili akafungua bahasha.
Ufunguo wa pili. Shaba ileile, uzi uleule,
umetoka mfukoni mwa aproni ya marehemu.

Hukumu ilikuwa na kurasa tisa, nikanukuu mstari mmoja:
*Aliyetoa akabaki na ufunguo hajatoa, ameahidi,
na ahadi ya bure haina nguvu hapa.*
Lesia aliurudisha ufunguo kwenye mkobа,
akakumbuka, akautoa tena,
akauweka mezani mbele ya Orest.
Hayo ndiyo makabidhiano pekee niliyoyaona kwa macho yangu.

Mwezi Mei lori lilisimama mbele ya duka la mikate.
Sikuwa kazini; nilikuwa nanunua maandazi.
Orest na wanaume watatu, kamba, mablanketi,
matusi ya Kiukreni kila kona ya ngazi.
Nusu saa, na kipande cha plasta kikabanduka.

Juu, akijifuta jasho, akamwambia Lesia: dola moja.
"Ya nini?"
"Nakuuzia. Zawadi zina mdomo mrefu.
Nikifa kesho, wanangu watakuja na wakili."
Akaandika risiti juu ya kifuniko, kalamu ikakwama mara mbili.

Ukiiondoa ile *m* ndogo ndani ya *nilimpa*,
ukimtoa mpokeaji katikati ya neno,
kinachobaki sikioni kinafanana na malipo.
Nilidhani hilo ni kosa la lugha.

Lesia akatafuta sarafu kwenye koti, kwenye kopo la chai,
akaipata.
Orest akaitia mfukoni bila kuitazama,
akaweka funguo mbili juu ya risiti,
zote mbili,
akashuka ngazi akilalamikia mgongo.